Mama Hasukumi Tena Pikipiki Yako

Papa,

Mahindi ya shamba letu kule Annexe yamefika mabegani, na ni Mama aliyeyapalilia. Acha nikueleze, maana siku ile tulipotoka makaburini sikudhani ningekuwa na habari kama hii ya kukupa.

Baada ya kilio Mama alikaa. Sijui niseme nini zaidi. Alikaa tu kwenye kiti cha barazani hapa Makomeno, kitenge begani, hata mvua zilipoanza na watu wakaenda kupanda. Shamba ni mbali, na pikipiki yako ilikuwa imegoma kabisa. Baba mudogo Kalala alikuja, akaizunguka, akasema, "Hii moto nayo ilikufa. Tuuzishe bipande." Mama akavuta tu kitenge chake begani, macho yake njiani. Ndipo nilipoogopa.

Unakumbuka asubuhi zenu? Wewe juu ya kiti, Mama nyuma amejifunga kitenge, anasukuma. "Sukuma, mama ya batoto, sukuma!" Injini ikikohoa na kushika, Mama anarukia nyuma kama msichana, majirani wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nikiona haya, Papa. Siku hizi nikiwa kazini nazisikia zile kelele.

Nilinunua buji mpya, ile plagi ya kutoa cheche. Nikaigusisha kwenye injini, nikapiga kiki, nikatazama cheche. Ya njano, nyembamba, inasitasita. Ulizoea kuniambia, "Weye ubakie na simu zako, hii iko mashine." Lakini umeme ni umeme. Simu ninazotengeneza pale sokoni Kampemba zimenifundisha jinsi uchafu unavyokula nguvu njiani. Basi nikaifuata njia yake polepole. Waya unaorudi kwenye chasisi ulikuwa umefungwa juu ya kutu. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa. Zile platine mbili zinazogusana na kuachana zilikuwa zimeungua. Nikaweka nyingine, na kondansata yake inayozikinga zisiungue. Mwisho nikaufikia waya mnene wa buji. Ulikuwa umepasuka, ukilowa tu umeme unavuja. Na pale penye ufa ulikuwa umezungushia kipande cha kitenge cha Mama, ukakifunga fundo dogo.

Papa. Nilikaa chini.

Kisha nikaweka waya mpya, nikapiga kiki tena. Cheche ikaruka ya buluu, nene, ikalia ta! Nikarudisha buji mahali pake, na injini ikashika papo hapo, bila kusukumwa.

Mama alisimama. Akaja mpaka kwenye pikipiki, akaiangalia ikinguruma, machozi yakamtoka. "Sasa miye nitasukuma nani?"

Nilizima injini, nikadhani nimeharibu kitu kisichotengenezeka. Tukakaa chini wote wawili kando ya gurudumu, na kwa mara ya kwanza tangu ututoke akalitaja jina lako. Alikusema sana, akalia, akacheka pia. Halafu akajifuta uso na ncha ya kitenge, akaniuliza, "Kiki banapiga namna gani? Unionyeshe."

Amejifunza, Papa! Alianguka matopeni, akainuka, akapanda tena. Baba mudogo alikuja kusema kwamba mjane hapandi moto. Mama akamtazama. "Ni weye njo utanilimia ile mahindi?" Hajarudi kuliongea tena.

Sasa anaenda shambani mwenyewe, taratibu, jembe limefungwa nyuma. Bado zipo siku anazorudi na macho mekundu, na mimi simuulizi. Leo amechelewa kidogo, mawingu yamefunga, nami nakuandikia huku sikio langu liko barabarani.

Hiyo, naisikia. Inapanda vizuri, haikohoi.

Ngoja nikamfungulie geti. Pumzika, Papa, usimhofie. Platine nitazisafisha kila Jumapili baada ya misa, na mvua haitamwacha njiani nikiwa hai.

Binti yako,
Bijou