Gunia Nililolikana

Mama,

Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike kule Wundanyi, na kuna jambo sikuwahi kulitamka ukiwa hai. Ni lile gunia.

Unakumbuka maringo yangu nilipopata kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya watalii hapa Voi. Kila ukivuna ulimpa makanga wa matatu gunia la viazi vitamu, maharagwe na ndizi, jina langu umeliandika kwa makaa. Siku moja akalishusha mlangoni pa hoteli, wenzangu wakacheka. Nikakupigia simu nikakwambia uache kujisumbua, mjini kila kitu kipo. Ukasema tu, "Haya, mwanangu."

Korona ilipokuja hoteli ikafungwa, tukaambiwa twende nyumbani bila mshahara. Wewe ulikuwa na shamba. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga, watoto wawili na unga unaopanda bei. Mzee wa mtaa alipita akiandika majina ya wanaohitaji chakula cha msaada. Mlangoni pangu hakusimama, maana alinijua kwa viatu vya kazini, nami sikumwita. Nawe ukipiga simu, "Wakesho, mmekula nini?" nilikujibu wali kwa kuku. Kuku gani, Mama! Tulikuwa tukinywa uji asubuhi na jioni, na mimi nikijitia sina njaa ili watoto wamalize.

Ndipo Mghoi, wakati huo ana miaka sita, akanyakua simu: "Nyanya, leo ni uji tena." Nikamnyang'anya. Nilimfinya, Mama. Nilimfinya mtoto kwa kusema ukweli.

Siku ya tatu makanga akaingia kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, gunia begani. Majirani walikuwa mferejini wakifua. "Madam, mzigo wako huu, umetoka kwa mamako." Nami, ambaye sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake, nikasema, "Umepotea. Huo si wangu." Jina langu lilikuwa pale, linasomeka. Akanitazama, akageuka, akaenda nalo. Mghoi alikuwa nyuma yangu, ameona yote.

Gunia likakurudia. Jioni ulipiga simu kama kawaida ukauliza mmekula nini, nami... siwezi hata kuandika nilichojibu.

Baada ya mazishi nililikuta chini ya kitanda chako. Umelifua, umelikunja, na jina langu umeliandika upya kwa makaa. Ulikuwa unanisubiri niombe. Ulizoea kusema mficha uchi hazai, nami nikidhani unawasema watu wengine.

Hoteli ilifunguliwa, mimi sikuitwa. Sasa nalima shamba lako, na nikivuna nashuka Voi na gunia lile lile. Nakatiza nalo ploti mchana, nimelibeba kichwani mwenyewe. Majirani wakiomba viazi nawapa. Juzi mmoja wao aliniambia kwamba siku ile mferejini, yeye pia alikuwa na uji tumboni na hakuna zaidi. Kumbe tulikuwa tunafichana njaa, ukuta kwa ukuta.

Nisamehe, Mama. Nilikuonea aibu wewe, kumbe wa kuonewa aibu ni mimi.

Pumzika. Ahadi yangu ni moja tu: mtu akimwuliza Mghoi tumekula nini, nitamwacha ajibu.

Mwanao,
Wakesho