Huu Waya Mama Yake Nani

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Ifrah hajala tangu asubuhi. Binti yangu, mtu mzima, ana kampuni ya maziwa, analia kama ndama. Juzi intaneti ilikufa nusu siku. Mnunuzi wa Nairobi huangalia baridi ya tangi letu kwa kompyuta yake, kila saa. Hakuona kitu — akakataa maziwa yote. Maziwa ya ngamia, baridi kabisa, nimeonja mwenyewe! Sadiyo na wanawake wake, wanaotuletea maziwa, wakarudi Bura wamenuna. Mnunuzi anasema ikikatika tena, mkataba kwisha.
Nimemwambia Ifrah afute pua, atafute laini ya pili ya intaneti.

Jumatano, 5 Novemba
Amekuja mwuzaji wa laini, Abdimalik. Viatu vinang'aa, vumbi la Garissa halijamjua. Eti ayeyo — bibi, mimi! — kampuni yetu ni nyingine kabisa, ile yenu ikianguka hii inasimama. Ifrah kalamu mkononi tayari. Tayari!
Mimi mbuzi sinunui bila kujua ametoka zizi gani. Nikamuuliza: huu waya wako, mama yake nani? Akacheka. Nikangoja. Akanywa chai. Nikangoja. Mwisho, kwa sauti ndogo: kampuni yake haina waya, inakodi. Kwa nani? Kwa hao hao wetu. Mtaro mmoja mpaka Nairobi.
Pacha wa tumbo moja, anatuuzia kama hawajuani. Nimemfukuza. Chai alimaliza kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba
Ifrah amenikasirikia. Nimemwaibisha mbele ya mtu wa ofisi. Hooyo, mama yangu, hapa si soko la mbuzi, anasema.
Ni nini basi?

Jumatano, 12 Novemba
Tumeweka dishi la intaneti juu ya paa. Linaongea na mbingu, halina habari na mtaro. Ifrah ananung'unika ni ghali. Anung'unike. Mimi nilisoma ngumbaru miaka miwili tu, yeye ana digrii, na kuuliza niliuliza mimi.

Jumanne, 18 Novemba
Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.
Tingatinga la barabara limekata waya huko mbele. Mji mzima hauna intaneti tangu saa mbili. Sadiyo alikuwa ameshafika na maziwa, madebe thelathini. Tukakaa mbele ya kompyuta, mikono magotini. Simu ikalia. Mnunuzi: naona digrii nne, pakieni.
Ifrah akaweka kichwa begani kwangu. Sadiyo alicheka mpaka shungi likamwanguka. Nimelala mchana, mimi, kama mgonjwa.

Jumatano, 19 Novemba
Waya bado. Watu wamejaa uani na simu zao, kama kisimani wakati wa kiangazi. Naandika hapa hapa, daftari gotini.
Wa mwisho kwenye foleni ni Abdimalik. Viatu vina vumbi. Wakubwa wake wanataka ripoti na ofisi yake haina njia ya kuituma. Ayeyo, dakika tano tu, anasema. Nimempa kigoda. Nimempa chai. Ifrah ananikonyeza, mpe namba ya siri ya intaneti, hooyo, muache.
Nitampa, mimi si mkatili. Kwanza aseme hapa, kwa sauti ya kusikika: ule waya wake, mama yake nani.
Anatazama chai. Mbele yake wamesimama wenye maduka watatu aliowauzia ile laini ya pili. Wamegeuka wote. Mmoja amezima simu ili asikie vizuri —