Mpira Ulionijia Nikiwa na Ndoo

Mjukuu wangu Mejumaa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Msambweni tu wazima. Babu yako kikohozi kimemwacha, na yule mbuzi wako amezaa pacha.

Umeniuliza huo mguu wa kushoto, unaoifungia Kenya mabao huko ugenini, umeurithi kwa nani. Ni kwangu. Nilikuwa msichana, natoka kisimani na ndoo kichwani. Vijana walikuwa wakicheza, mpira ukanijia miguuni. Sikuitua ndoo. Niliupiga kwa kushoto, ukampita kipa ameduwaa, na maji hayakumwagika hata tone. Kisha mmoja akaniita, "Dada, rudi upige tena."

Sikurudi, mama alikuwa akiyangoja maji. Lakini hadi leo nikipita pale, hupunguza mwendo.

Juzi tulikutazama kwenye televisheni kwa jirani. Ulipofunga, wenzangu walishangilia, mimi nikalia. Walidhani ni hamu ya kukuona. Ilikuwa hiyo, na nyingine.

Ukija likizo, twende pale kisimani. Ndoo utanishikia wewe.

Bibi yako,
Mwanamkuu