Kaka Hemedi, Kwa Nini Ulisema ni Dada Yake?

Kaka Hemedi,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba haya yabaki kwako. Usimwambie hata baba. Baba alikuwa hawezi kukaa na jambo tangu alasiri mpaka magharibi, na sidhani kama huko amebadilika. Halafu hapo ulipo kuna watu wengi wa Tandika waliotangulia, na watu wa Tandika mimi nawajua. Ukimaliza, ichane. Nimeiandika nyumbani, kwa karatasi yangu na kalamu yangu, maana siku hizi sijui nani anasoma nini.

Mimi sijambo. Ile kazi ya ukarani niliyoitiwa usaili ukiwa wodini, niliipata. Niko masijala, napokea barua na kuzipeleka zinakotakiwa. Bado nipo kwenye muda wa majaribio, kwa hiyo naongea kidogo, nacheka wakicheka wengine. Wifi Saada na watoto wazima. Kibanda chako cha kuonyeshea picha kipo, mabenchi ni yaleyale. Baada ya arobaini wifi alikifungua tena, akasema picha ulizoziingizia sauti ya Kiswahili zinatosha kukiendesha. Na kweli zilitosha, mpaka ilipokuja sehemu ya pili ya ile picha.

Unajua nasema picha gani. Ile ya jasusi mwenye kovu shingoni. Kwa Kiswahili chako, yule jasusi, steringi wetu, alivuka dunia nzima kumtafuta dada yake, Zamda, aliyetekwa na majasusi wenzake. "Dada'angu mmemficha wapi, nyie mbwa?" ulikuwa unafoka, risasi zinalia, na wanaume wazima wanajifuta macho kwa mashati. Bi Kidawa muuza bagia, ambaye picha za bunduki alikuwa hataki hata kuzisikia, aliirudia mpaka akawa anakutangulia maneno. Ikasambaa kwenye flashi mpaka Buguruni, ikavuka na pantoni mpaka Kigamboni. Watu walikuwa hawasemi picha ya jasusi. Walisema picha ya Hemedi.

Kwa hiyo iliposikika kwamba ya pili imetoka, kibanda kilijaa watu mpaka sakafuni. Sauti aliingiza Side, yule uliyemfundisha mwenyewe kushika maiki. Alikuwa hajairekodi bado, akawa anaitafsiri papo hapo, kasimama pembeni ya televisheni. Mwanzo ulikwenda vizuri. Magari yakaruka, ghorofa likaungua. Kisha steringi na Zamda wakaingia hotelini, wakafunga mlango, wakabusiana.

Kaka, kibanda kizima kilimgeukia Side.

Fundi Chande, yule mchomelea mageti, ndiye aliyeanza. "Side! Side wee! Hebu rudisha nyuma. Huyo si dada'ake?"

"Dada'ake nani?" Side akajibu kwenye maiki. "Huyo mkewe, braza. Kwani nyie ile ya kwanza mliangalia mmefumba macho?"

"Hemedi katwambia tumbo moja!"

"Picha inasema mkewe. Mie natafsiri picha, simtafsiri Hemedi."

"Astaghfirullah!" Bi Kidawa alishasimama na sinia lake. "Saada, zima hicho kitu! Watoto wamo humu!"

Mmoja akasema hii ya pili ni ya bandia, wamechukua watu wanaofanana na wale. Mwingine akasema wenye picha wameishiwa, wameona mapenzi ndiyo yanauza. "Sasa huyu hata anachotafuta hakieleweki," akalalamika mwingine. "Ya kwanza mtu ana uchungu na damu yake. Hapa mtu anakimbizana na mkewe mahotelini. Hata mie mke wangu namkimbiza." Wakacheka. Ningetamani waishie hapo. Lakini kutoka nyuma mtu akasema taratibu, "Au Hemedi alikuwa anatupiga fiksi siku zote, anajitungia tu."

Side alisema hana la kusema, marehemu hasemwi. Kisha akasema, "Lakini Kiingereza..." akaachia hapohapo, na maiki iko wazi.

Tangu siku ile wanakukagua, picha kwa picha. Wanakaa wamekunja mikono kama watu wanaouziwa dhahabu ya barabarani. Yule jenerali aliyekufa kwa sumu, kweli ilikuwa sumu? Yule mzee aliyelia kituoni, kweli alikuwa anamlilia mwanawe? Utani wako uleule uliokuwa unawavunja mbavu, sasa wanausikiliza kama ushahidi. Wengine wamehamia kibanda cha ng'ambo ya barabara. Wifi hakulalamika. Aliniuliza tu siku moja tukichambua mchele, bila kuinua macho, "Wifi, wewe ndiye msomi. Niambie kweli, kaka yako Kiingereza alikuwa anakijua?"

Nikainamia mchele, nikajifanya natafuta mawe. Nisamehe, kaka. Na mimi nilikuwa nimeanza kuuliza hivyohivyo.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Side angeweza kutuliza mambo kwa neno moja, kwa nini hakutaka? Nadhani anataka jina lako, na huwezi kulivaa jina la mtu ambalo watu bado wanaliheshimu. Ofisini jirani yangu wa meza akaniuliza kama si mimi ninayetokea Tandika, maana kasikia kuna mtafsiri huko alikuwa anawadanganya watu. Alikuwa anatabasamu. Nani alimwambia natokea Tandika? Nikasema na mimi nasikia tu. Nikarudi kwenye barua zangu.

Ndipo nikaitafuta ile ya kwanza yenyewe, isiyo na sauti yako. Jumapili mchana wenzangu wa nyumba niliyopanga walipotoka nikavaa visikilizio vya simu, nikafunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia yule mwanamume kwa sauti yake, na sauti yake ni nyembamba, kaka, hutaamini. Nikafuatilia kila neno. Ulipatia karibu yote. Masharti ya wale watekaji, maelezo ya lile bomu, hata mzaha wa dereva ambao mimi mwenyewe niliurudia mara mbili ndipo nikaupata. Mtu asiyejua Kiingereza hawezi kuyapata yale. Lakini tangu mwanzo mpaka mwisho, yule uliyemwita Zamda ni mpenzi wake. Si jambo la kubahatisha. Anamwambia kila baada ya dakika chache.

Nikafungua yako. Nikaenda pale wanapokutana mara ya kwanza kwenye mvua. Picha yako inaruka hapo, ulikata kipande cha busu. Kabla haijaruka unanyamaza, na katika ukimya huo kuna sauti ndogo ya msichana inauliza, "Kaka, huyo nani yake?"

Ni mimi.

Ilikuwa likizo ya shule. Ulikuwa unarekodi asubuhi kibanda kikiwa kimefungwa, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nimekushikia waya wa maiki usikwaruze. Nilikuwa nimesahau kabisa. Unakohoa, unahangaika, unasema kwa haraka, "Eeeh, huyu... huyu ni dada yake huyu, tumbo moja, walipotezana utotoni, ndo wanaonana leo, lazima wakumbatiane!" Na ukishasema dada, picha nzima imeshakuwa ya dada. Ikabidi umtafute mpaka mwisho.

Nilikumbuka sebuleni kwetu. Wakitokea watu wanakumbatiana kwenye televisheni, baba anatafuta rimoti aliyoikalia, mama anakumbuka sufuria, na wewe unatoka nje kuangalia gari. Gari hatukuwa nalo.

Hata hivyo sikutaka kujidanganya, nikakagua nyingine. Zile ulizorekodi nikiwa shule ya bweni zina wachumba, zina wake, zina michepuko, na huoni haya hata kidogo. Zile za likizo zote, wanawake ni dada, binamu na manesi. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka kicheko kikageuka kilio, nikazima simu.

Kuligundua jambo kulikuwa rahisi kuliko kulisema. Nililala nalo wiki nzima. Mtumishi wa ofisi, kwenye majaribio, anasimama kibandani kuongelea mabusu! Ningejuaje kama yule jirani wa meza hana ndugu pale? Na nani ataamini? Dada mtu lazima atamtetea kaka yake, Side angesema hivyo, na ningekuwa mimi ningesema vilevile. Lakini kila nilipomwona wifi akipanga mabenchi ambayo hayatakaliwa, nilijiona mwizi.

Jumamosi nikaenda. Waliokuwepo walikuwa wachache. Nilimwomba Side asimamishe picha, akaniangalia kwa jicho lile lake, lakini akasimamisha. Nikawaambia Hemedi Kiingereza alikijua, nikawawekea kipande cha ile yenyewe ya Kiingereza, kisha kipande cha yako, mpaka pale sauti yangu inapouliza. Nikasema, huyo ni mimi, nilikuwa nimemshikia waya wa maiki.

Fundi Chande akainuka kwenye benchi. "Kwa hiyo kaka'ako alikuwa anakuonea haya wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Dah," akasema. "Mie mbele ya dada'angu hata huo udada nisingewahi kuutunga. Ningezima meni swichi ya umeme, mtaa mzima."

Kicheko kilichotoka pale, kaka, ndicho kile chako, kile cha zamani. Mtu akasema basi ni wewe uliyeitunga picha nzuri kuliko wenye picha, na hii ya pili ni mbovu kwa sababu hakukuwa na dada wa kuwashikia waya. Bado wanaichukia, usidhani. Wanasema haina uchungu. Lakini walimwambia Side aimalizie. Ilipokaribia hotelini Bi Kidawa akapiga kofi sinia. "Ngoja kwanza! Binti, we toka nje. Kaka'ako hayupo, lakini sie tupo."

Nikatoka. Nikasimama nje, mgongo kwenye pazia, jua kali, mpaka aliponiita kwamba yamekwisha.

Kwa heri, kaka. Mungu akupe nafasi pana huko. Nakuahidi nitakiangalia kibanda na wifi yangu, na mtu akilitaja jina lako mbele yangu, popote pale, nitasema huyo ni kaka yangu. Nitaogopa, lakini nitasema.

Side bado simwamini. Kwa hiyo ukitaka kunijibu, usipitishie kwake. Usimtokee wifi ndotoni, ataamka akilia na watoto wataamka naye. Usije kwangu siku za kazi, nalala kwa vipandevipande. Njoo Jumapili mchana, nikishafua, huwa najilaza kidogo. Uniite jina la nyumbani, lile ambalo ofisini hawalijui, ili nijue ni wewe na si mtu anayekuiga. Kama hapo ulipo kuna wengine wanasikiliza, usiseme kitu. Kaa tu mlangoni, nitakuona.

Dada yako. Jina siandiki.