Mikaratusi Iliyoonewa Huruma

Jumatatu, 17 Januari 1994
Nimezunguka shamba la majaribio hapa Ajia, kipande cha juu na cha chini, kutafuta mbegu ya mikaratusi inayostahimili ukame. Vumbi tupu. Mikaratusi ya mbegu zilizotoka Adumi imeanza kunyauka. Ya mbegu zilizotoka Koboko bado kijani. Mbegu zake nilizichuma mwenyewe, kwenye mti uliosimama peke yake penye mawe, kiangazi hakiusumbui. Mkuu wangu wa Arua anaudharau eti umepinda. Akija kukagua, miti itakayoshindwa na kiu inang'olewa. Aje tu.

Jumamosi, 5 Februari
Ajabu. Kipande cha juu, karibu na njia, Adumi imechipua upya. Bila tone la mvua! Koboko imepitwa. Sina raha hata kidogo.

Jumapili, 6 Februari
Nimejua. Udongo wa kule juu umelowa, na nyayo zinaelekea kwa wakwe. Mama mkwe! Alfajiri, mimi nimelala, anabeba maji kisimani na kunywesha miti iliyonyauka, ambayo kazi yake yote ni kukaa na kiu. Damu imenichemka. Lakini nitasema nini? Mkwe hagombezwi. Tangu nioe sijamtazama usoni. Nimemtuma mke wangu, Adiru.

Jumanne, 8 Februari
Adiru amerudi akicheka hadi machozi. Jibu la mama yake: "Miti iko nakufa, na bwana yako iko naandika tu. Mimi nasikia huruma." Anaona haya kuwa na mkwe mvivu wa kuchota maji. Mvivu, mimi! Ameahidi kuacha. Kuahidi kwenyewe kumechelewa, mkuu anakuja keshokutwa.

Alhamisi, 10 Februari
Nimemweleza mkuu yote. Kanuna. Kipande cha juu hakifai tena, kasema, na cha chini nani ajuaye kama hakikunyweshwa? Nikamwonyesha: cha chini kimeizunguka nyumba yangu, miti inagusa mlango. Akasimama. Naye ameoa huku huku, mila anaijua. Mama mkwe apite mlangoni pa mkwe wake aliyelala ndani? Haiwezekani! Tukachimba hata hivyo. Nikazamisha mkono mpaka kiwiko, pakavu. Adumi imekauka yote, Koboko imesimama na majani yake. Mkuu kacheka, kanipa mkono. Koboko ndiyo itakayozalishwa. Nimefurahi kama mtoto.

Ijumaa, 25 Machi
Mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimempa Adiru mche mmoja wa Koboko ampelekee mama yake, aupande uani. Huo aunyweshe apendavyo.