Hapa Hakai Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepangiwa mtaa wetu! Mkubwa kagawa mitaa kama karata, na niliozaliwa ukaniangukia mimi. Mimi, mthamini wa majengo wa halmashauri, niende kupima nyumba zilizonilea. Nilitaka kumwambia mkubwa kwamba baba yangu ana nyumba pale. Nikanyamaza. Ijumaa iwe mwisho, kasema — lori la taka limekaa juu ya mawe kwa kukosa matairi, zahanati haina hata pamba, hela itoke wapi kama si kodi ya majengo?

Shida ni kwamba miaka yote jengo ambalo halijaisha halikutozwa. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyewahi kumaliza. Mtaa mzima nondo zimechomoza juu. Watu wamezaa, wamepata wajukuu, bado wanajenga.

Jumanne, 4 Machi

Kwa baba. Ghorofani kuna sofa, mapazia, televisheni. Ngazi haina chuma cha kushikia, maana baba anaamini siku akikiweka nyumba itakuwa imeisha. Mama anashuka kiubavu, kiganja ukutani.

Nikamweleza baba amri mpya: nyumba ikikaliwa inatozwa, iwe imeisha au haijaisha. Na kodi inahesabiwa nyuma, tangu siku mliyohamia. Ukishindwa, mnada. Akacheka. Mwanangu, andika inajengwa na haina watu, si wewe mwenye kalamu?

Nimekasirika mpaka sasa. Na namwonea huruma. Pensheni yake haiwezi kulibeba deni hilo, na nyumba hii ndiyo kila kitu alichonacho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepima upande wote wa kushoto. Kila mlango macho. Fundi cherehani wa pale kona hakuzunguka: ya mzee wako umeshapima, au sisi ndio wa kujifunzia? Nikajifanya sikusikia.

Jioni mkubwa kaniita. Kuna mtu kamnong'oneza. Kesho naenda na Futikamba — mwenzangu yule mwembamba, tuliyempa jina hilo kwa kupima hata banda la kuku. Nyumba ya mzee tutapima wote, ila sahihi ni yangu. Nikidanganya, kazi sina.

Nikampigia baba. Usijali, kasema, nimeshajipanga. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimesimama chooni kwa baba.

Tumekuta lundo la mchanga mlangoni na mafundi wawili wanakoroga zege lisilokwenda kokote. Mapazia yametolewa. Baba kavaa kofia ya ujenzi! Sijui kaiazima wapi. Ningecheka kama asingekuwa baba yangu.

Futikamba akamwamkia kwa adabu, akauliza: mzee, unakaa wapi siku hizi? Baba hakupepesa. Kwa dada yangu. Hapa hakai mtu, mafundi tu.

Nikajua mama kapelekwa kwa shangazi tangu asubuhi. Ndivyo nilivyodhani.

Sauti ya mama ikatoka juu: hao wageni wamepewa maji?

Akatokea juu ya ngazi, trei mikononi, glasi nne. Mikono yote miwili kwenye trei, hakuna wa kushika ukuta. Akaanza kushuka. Hata mafundi waliacha kukoroga. Nilipanda mbio, nikamshika kiunoni, tukashuka naye pole pole.

Futikamba akapokea maji kwa mikono miwili, akamshukuru. Akanywa yote. Kisha akanigeukia, sauti ya chini: mama anakaa hapa? Fomu nilikuwa nayo mimi. Baba ananitazama chini ya ile kofia. Nikasema naomba nijisaidie kwanza.

Sasa namsikia mama huko nje. Anamwambia Futikamba hapa chini kuna vumbi la saruji, apande juu akakae kwenye sofa, kuna hewa.

Viatu vinapanda ngazi.