Hesabu ya Kondoo ya Babu Yako

Borrowdale, Jumatatu

Imogen,

Theluji bado iko milimani, na yule kondoo jike mweusi amezaa pacha. Mimi mzima.

Tulikusikia redioni ukieleza maneno adimu ya Kiingereza. Ulisema "yan, tan, tethera," yaani moja, mbili, tatu, ni hesabu ya wachungaji, iliyotoka kwa watu waliokaa hapa kabla ya Waingereza. Sawa, umesoma. Lakini ukawawekea wasikilizaji sauti ya babu yako akihesabu, uliyoirekodi jikoni kwangu huku ukila keki yangu, na wenzako wa London wakacheka hadi wakakohoa. Nawe ukacheka nao, mtoto usiye na haya.

Sasa vijana wa mnadani wanamwita "Mzee Tethera." Anapitisha kondoo langoni kimya. Nikamwambia, "Wilf, hesabu basi."

Akasema, "Ili nani acheke leo, mke wangu?"

Hesabu hiyo alifundishwa na baba yake, akakufundisha wewe ukiwa umekaa mabegani kwake.

Samahani yako ya simu siitaki. Njoo Jumapili, simama naye langoni, uhesabu kwa sauti majirani wakisikia. Na atakayecheka, acheke mbele yangu.

Bibi yako aliyekasirika,
Hannah